Nyumba za Lamu: Historia ya Wanawake Iliyofichwa Ndani

Ukitaka kuijua Lamu, usitosheke na kutazama milango yake. Milango hiyo imepigwa picha mara elfu. Wageni husimama mbele yake, wakapapasa nakshi kwa vidole, wakasifu fundi aliyeichonga, kisha wakaenda zao wakidhani wameuona mji. Lakini mlango wa nyumba ya Lamu, pamoja na baraza zake za mawe, ulikuwa mahali pa wanaume. Hapo ndipo walipokaa wakinywa kahawa, wakipatana bei na kupitisha habari za bahari. Historia nyingine, ambayo huenda ni nusu nzima ya historia ya mji ule, ilifanyika nyuma ya mlango huo, na wengi wetu hatujapata kuingia huko.

Hebu mwulize mwanao aliye shule ya upili akutajie majina ya watu wa historia ya Pwani. Atakutajia Vasco da Gama bila kusita. Atakutajia Seyyid Said, pengine na Fumo Liongo. Sasa mwambie akutajie wanawake. Huenda akasema Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, aliyewakataza watu wake kuwatii Waingereza mwaka 1913, kisha akanyamaza. Si kosa lake. Vitabu vingi navyo hunyamaza papo hapo.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, leo nakualika katika safari ya kutafuta wale wasiotajwa. Hatutafuata vita wala mikataba. Tutafuata vyumba na vyombo: mahali walipokaa wanawake wa visiwa vya Lamu, na vitu walivyovishika kila siku. Maana mtu ambaye jina lake halikuandikwa kitabuni, mara nyingi huacha alama yake ukutani na kwenye mpini wa mchi.

DARAJA ZILIZO JUU YA KICHWA CHAKO

Ukitoka Nairobi utafika Lamu kwa ndege itakayotua Manda, au kwa basi linalopitia Malindi hadi Mokowe. Njia zote mbili zitakupeleka kwenye boti, kwa sababu Lamu ni kisiwa. Boti ikikaribia gati utaona mji umejipanga ufuoni, mweupe, na nyuma yake paa za makuti na minara ya misikiti. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia.

Shuka, mpishe punda aliyebeba mchanga, kisha uingie katika mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini. Huku ndiko kwenye nyumba nyingi za mawe za karne ya 18, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa kugusana mabega. Kuta ni ndefu na hazina madirisha upande wa njiani. Mtu wa mjini aliyezoea fleti za South B, ambako jirani huona hata unachopika, atashangaa. Nyumba hizi zimeupa mtaa kisogo.

Sasa inua macho. Mahali fulani utaona chumba au daraja limevuka kichochoro, likaunganisha nyumba ya kulia na ya kushoto. Watu wa Lamu huliita wikio. Mgeni hupita chini yake akifurahia kivuli. Lakini wikio halikujengwa kwa ajili ya kivuli. Baba mwenye uwezo alipoozesha binti yake alimpa nyumba, mara nyingi karibu na ya mamake, na wikio likaziunganisha. Mama na binti, dada na dada, waliweza kutembeleana juu bila kukanyaga njia ya watu.

Simama hapo chini kidogo ufikiri. Wanaume walikuwa na ramani yao ya mji: gati, soko, msikiti, baraza. Wanawake nao walikuwa na ramani yao, na ilipita juu ya vichwa vya wanaume. Habari za uchumba, za ugonjwa, za deni na za ugomvi zilivuka kwenye wikio kabla hazijafika barazani.

Na kuna jambo lingine ambalo huwashangaza wanafunzi wanaodhani mwanamke wa zamani hakuwa na chake. Katika koo za waungwana wa Lamu, mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ndoa ikivunjika, aliyefunga virago ni mwanamume. Mwanamke alibaki katika nyumba yake.

Alipolazimika kutoka nje, mwanamke wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa. Hili lilikuwa pazia kubwa la kitambaa lililoshikiliwa kwa miti, likamzunguka kama hema linalotembea. Neno lenyewe maana yake ni tanga la chombo, na ukitazama picha za zamani utaelewa kwa nini. Utaona kitambaa kimetuna katikati ya njia kama jahazi. Mwanamke mwenyewe humwoni. Na mara nyingi mikono iliyoshika miti ile ilikuwa ya mwanamke mwingine, mjakazi, ambaye yeye hakuwa na pazia la kumficha.

Mkumbuke huyo. Tutamrudia.

KADIRI UNAVYOINGIA

Huna haja ya kubisha hodi kwa watu. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yamehifadhi nyumba moja ya karne ya 18 huko Mkomani, inayoitwa Jumba la Makumbusho la Nyumba ya Kiswahili. Lipa kiingilio, vua haraka yako mlangoni, uingie.

Kwanza utapita daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili. Baada ya mlango kuna tekani, sebule ndogo iliyopinda ili mpita njia asiweze kutupa jicho hadi uani. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, ambao ndio pafu la nyumba: mwanga, hewa na mvua huingilia hapo. Mgeni wa biashara, nahodha kutoka Arabuni au Bara Hindi, hakuvuka kiwanda kuingia kwa watu. Alipewa sabule, chumba chenye ngazi yake mwenyewe. Angeweza kukaa katika nyumba ile msimu mzima akingoja pepo zigeuke, akala chakula cha mwenye nyumba kila siku, na asimwone hata mara moja.

Wewe endelea. Mbele ya kiwanda kuna misana miwili, vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, cha chini na cha juu, kila kimoja kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Mita tatu hivi, basi. Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na ndivyo nakshi zinavyoongezeka. Hilo ndilo fumbo la nyumba ya Lamu. Nyumba zetu za leo tunapamba sebuleni, apate kuona mgeni. Wao walipamba ndani kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki.

Chumba hicho kinaitwa ndani. Ndicho cha mwenye nyumba mwanamke. Ukutani utaona zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa kisu kabla ya chokaa kukauka vizuri, vikapanda hadi karibu na dari. Humo ziliwekwa sahani na bakuli kutoka Uchina na kwingineko, vitabu, vichupa vya marashi. Yako maelezo kwamba vyombo hivi havikuwa pambo tu. Viliaminiwa kuilinda nyumba na jicho la hasidi, hata sahani ikipasuka yenyewe watu wakasema imebeba shari iliyokuwa imwendee mtu.

Katika chumba hiki bi arusi alikaa fungate, zile siku saba za mwanzo wa ndoa. Nyuma yake kuna chumba kingine kidogo zaidi, nyumba ya kati. Huko ndiko wanawake walikojifungua, na huko ndiko maiti walikooshwa. Tafakari hilo, msomaji. Mwungwana wa Lamu aliyesimama barazani kwa kilemba na jambia, akatoa amri kwa mabaharia, alizaliwa katika chumba hiki cha giza mikononi mwa mkunga. Jina la mkunga huyo halikuandikwa popote.

Usitoke kabla hujatazama choo chenye birika la maji. Katika birika waliweka visamaki vidogo, na chini wakajengea bakuli la kaure ili samaki wapate mahali pa kukaa maji yanapopungua. Samaki wale walikula viluwiluwi vya mbu. Kabla mtu yeyote hajafundishwa darasani kwamba mbu huleta malaria, kulikuwa na mtu katika nyumba hii aliyehakikisha kila siku kwamba samaki wako hai.

MBUZI ASIYELA MAJANI

Sasa panda juu. Jiko la Lamu halikuwa chini bali darini, chini ya paa la makuti. Waliita kidari cha meko. Moshi ulipepea na upepo wa bahari, vyumba vya chini vikabaki visafi. Lakini mtazame ngazi zile. Maji yalipandishwa kwa ngazi hizo. Kuni zilipandishwa kwa ngazi hizo. Chakula kikiiva kiliteremshwa kwa ngazi hizo hizo, msana kwa msana, kikapelekwa hadi sabule alikokaa mgeni.

Vyombo vya jikoni utavitambua, kwa sababu vingi bado vinatumika. Kuna mbuzi, yule asiyela majani, kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Kuna kifumbu kilichosukwa cha kukamulia tui, kinu na mchi, uteo wa kupepetea mchele, kata ya kifuu yenye mpini mrefu ya kuchotea maji mtungini. Mtoto wa Nairobi anayeijua nazi ya pakiti tu anaweza kukiketi kile kigoda akaelewa kwa dakika tano kile ambacho ukurasa wa kitabu hauwezi kumweleza. Mgongo utamwambia.

Na hapa ndipo tunapomrudia yule mwenye kushika miti ya shiraa. Tunaposifu zidaka na kaure, tusijidanganye kwamba bibi mwenye chumba cha ndani ndiye aliyepanda ngazi na mtungi. Nyumba kubwa za Lamu ziliendeshwa na wajakazi, wanawake waliokuwa watumwa. Waliteka maji, wakatwanga, wakakuna, wakalea watoto wa bibi pamoja na wao wenyewe kama walijaliwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku biashara yao baharini, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Hiyo si zamani sana. Wako wazee waliolelewa na watu waliozaliwa utumwani.

Mwanamke wa kiungwana amesahauliwa na vitabu. Mjakazi amesahauliwa na vitabu, na mara nyingi na simulizi za nyumbani pia. Hakuna chumba katika nyumba ile chenye jina lake. Lakini kinu kikilika katikati, kikawa na shimo refu kuliko alivyolichimba fundi, hiyo ni kazi ya mikono yake. Ukiwa na mwanafunzi, mwonyeshe zidaka, kisha mwonyeshe kinu, umwulize ni kipi kilichotumia nguvu nyingi zaidi. Atajijibu.

SIWA ALIYONYIMWA MAMA

Shuka ufuoni uende Jumba la Makumbusho la Lamu, katika jengo ambalo maafisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza waliwahi kulikalia. Humo utapata habari za siwa mbili mashuhuri za visiwa hivi, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba kutoka Lamu. Siwa ilipulizwa katika sherehe kubwa za watawala na koo zao. Bila siwa, karamu ilikuwa kama arusi bila bi arusi.

Siwa ni chombo cha wafalme na hupulizwa na wanaume, kwa hivyo ungedhani haituhusu. Lakini sikiliza wanayosimulia watu wa Pate katika habari za mji wao. Kulikuwa na mama wa ukoo mkubwa, Mwana Darini. Alitaka kufanya karamu ya mtoto wake kwa heshima inayostahili, na sultani akamnyima siwa. Ilikuwa njia ya kumwaibisha mbele ya mji. Mwana Darini hakulia wala hakuomba mara ya pili. Alimwita fundi, akamtaka amchongee siwa nyingine. Siwa ikachongwa, karamu ikafanyika.

Neno hilo Mwana, usilipite haraka. Kwa watu wa visiwa hivi ni jina la heshima la mwanamke, kama tunavyosema Bibi. Ukiliona katika historia ya Pwani, jua umekutana na mwanamke mwenye cheo chake. Kuna Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa humtaja kuwa mtawala wa mji ule katika zama za mwanzo kabisa. Kuna Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika miaka ya 1760 na mwanzo wa miaka ya 1770, nyakati ambazo mji huo ulikuwa na fitina nyingi. Wanafunzi wangapi wamewahi kuulizwa swali la mtihani juu yake?

Wanawake wasio na cheo nao hawakukaa kimya. Hawakuwa na siwa, walikuwa na vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti arusini huku wanawake wakiimba. Mombasa walikuwa na lelemama, na vyama vyake vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mafumbo makali. Na baadaye ikaja leso, ambayo mpaka leo ni barua inayovaliwa. Mwanamke aliyetaka kumjibu jirani yake hakuwa na haja ya kufungua kinywa. Alipita tu mbele ya mlango wake amejifunga jibu.

WINO WA MWANA KUPONA

Ukiwa na siku ya ziada, uende kisiwa cha Pate. Uliza kwanza habari za maji, kwa sababu boti za huko hungoja bahari ijae ili zipite mkondoni. Nahodha akikuambia mtaondoka saa kumi na moja asubuhi, si ukaidi, ni mwezi uliomwamuru.

Lengo letu ni Siyu. Leo ni mji mdogo mtulivu wenye ngome kubwa mbele ya mkondo wa mikoko. Zamani ulisifika kwa wachongaji, kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili wa misahafu. Katika karne ya 19 ulitawaliwa na Bwana Mataka, aliyempinga Seyyid Said wa Unguja na kuyarudisha nyuma majeshi yake. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Siyu ilikuja kushindwa kabisa mwaka 1863, wakati wa Sultani Majid.

Ngome ni kumbukumbu ya wanaume hao. Lakini jina kutoka Siyu linalojulikana zaidi na wanafunzi wa Kiswahili duniani si la shujaa wa ngome. Ni la mjane wa Bwana Mataka, Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wenye beti zaidi ya mia moja. Mwanzoni kabisa anamwita aje akae karibu naye, na achukue wino na karatasi.

Hebu tuvitazame vitu hivyo viwili, wino na karatasi. Tumezoea kuambiwa kwamba mwanamke wa Pwani wa zamani alifungiwa ndani bila elimu. Hapa tuna mama na binti katika chumba, na kalamu iko mikononi mwao. Hakuna karani wa kiume aliyeitwa. Mama anatunga, binti anaandika, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili cha kwao. Anawataka wanawake wengine nao wausome. Hamwandikii mtu wa barazani. Wino wake umevuka wikio.

Utendi huo ulichapishwa Uingereza mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, kwa jina lililosisitiza wajibu wa mke. Tangu hapo wengi wameusoma kama hotuba ya kumtii mume, na wasichana wengi wa shule wamekunja nyuso walipofika beti hizo. Wana haki ya kukunja. Lakini wausome wote. Watakuta pia mambo ya dini, ya kuuzuia ulimi, ya kuwakumbuka maskini, na dua ndefu ya mama anayejua kwamba hatakuwapo kumlinda mwanawe. Mwanamke huyo alikuwa mjane katika mji uliozungukwa na maadui. Binti yake alikuwa karibu kubaki bila baba na bila mama. Alimpa silaha alizozijua.

Watakuta jambo jingine pia, na tusiliruke kwa sababu linatuchoma. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ndiyo. Mama huyu aliyesahauliwa na wengi, naye alikuwa na wake wa kusahau. Yule mwanamke aliyepandisha maji darini siku utendi ulipokuwa ukiandikwa, huenda aliyasikia maneno hayo akiwa ngazini. Yeye hakupewa wino. Tukimsoma Mwana Kupona kwa haki, lazima tuwasikie wanawake wote wawili, anayesema na anayesemwa.

MIFUPA ILIPOSEMA

Kwa miaka mingi kulikuwa na ubishi juu ya asili ya miji ya Pwani. Wakoloni walidai ni kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi, Mwafrika akiwa mbeba mawe tu. Wachimbaji wa magofu walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka vijiji vya Waafrika wenyewe. Kisha mwezi wa Machi 2023 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya Pwani, ikiwemo Manda na Faza katika visiwa hivi vya Lamu. Mmoja wa wataalamu walioongoza kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya.

Matokeo yake yanafaa kusomwa polepole. Kuanzia kiasi cha mwaka 1000, watu kutoka Asia, hasa Uajemi, walioana na wenyeji. Lakini asili hizo mbili hazikuja kwa njia moja. Upande wa mababa, sehemu kubwa ilitoka Asia. Upande wa mama, karibu yote ilikuwa ya Afrika.

Kwa maneno mengine, koo nyingi zilihifadhi nasaba za mababu waliokuja na jahazi, jina baada ya jina, hadi ng'ambo. Mabibi waliowapokea, wakawapa watoto, lugha na ugali wa kwanza, hawakuingia katika orodha. Ilibidi mifupa yao iwasemee baada ya mamia ya miaka. Na lugha tunayoitumia katika ukurasa huu, lugha ya Kibantu hadi kwenye kiini chake, tuliipata kwa nani kama si kwa mama hao?

HAZINA INAYOTOKA KWA MLANGO WA NYUMA

Nyumba za Lamu haziangamizwi na mvua peke yake. Nyingi zimenunuliwa na wageni kutoka mbali, na kuwa nyumba za likizo. Wapo wanaozitunza kuliko wenyewe walivyomudu, na hilo tuwashukuru. Lakini nyumba inapobadilishwa, chumba cha ndani hugeuka chumba cha kulala watalii, nyumba ya kati ikawa stoo, wikio likazibwa kwa sababu jirani si ndugu tena. Ukuta unabaki, maana inatoka.

Vyombo navyo vina safari yao. Makasha, viti na sahani vimeuzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale tangu miaka mingi iliyopita. Familia yenye karo ya kulipa haiwezi kulaumiwa kwa kuuza sahani ya bibi. Tatizo ni kwamba sahani ikiondoka bila jina la mwenyewe, inakuwa sahani tu.

Wala usidhani haya ni mambo ya Lamu peke yake. Wewe uliye Nakuru, Kisumu au Eastlands unaye nyanya huko mashambani. Anacho chungu kilichofinyangwa na mamake, au kiondo kilichosukwa wakati wa Hali ya Hatari, au jiwe la kusagia wimbi ambalo watoto sasa wanalikalia. Likizo ijayo, msiende mikono mitupu. Chukueni daftari. Mwulizeni mambo manne. Kitu hiki ni cha nani? Alikipata wapi? Alikitumia vipi, na katika sehemu gani ya nyumba? Na ni nani aliyefanya kazi nacho bila kukimiliki? Swali hili la nne ndilo gumu, na ndilo ambalo watu wazima watajaribu kulikwepa. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Andikeni majina kamili, ya upande wa mama pia, hadi pale kumbukumbu itakapokatika. Tieni tarehe. Mwalimu wa historia atakayepokea daftari kama hilo atakuwa amepata kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maktaba yake.

Na ukifika Lamu, baada ya kuupiga picha mlango, tafadhali ingia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.